Serikali Ikivunja Sheria Ili Ikufunge

Wadau, kila nikiongea kuhusu wafichuzi, lazima mtu aniandikie: "Kama hana makosa, si aende tu kortini ajitetee?" Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, digrii ya sheria sina, lakini kusoma najua. Hebu niwape kesi moja.

Mwaka 1971, Daniel Ellsberg wa Marekani alilipatia gazeti la New York Times ripoti ya siri ya kurasa kama 7,000, iliyoonyesha vile marais, mmoja baada ya mwingine, walidanganya wananchi kuhusu vita vya Vietnam. Akashtakiwa. Kwa mashtaka yote, angeweza kufungwa miaka 115.

Sasa ona serikali ilivyocheza. Septemba 1971, watu waliotumwa kutoka Ikulu ya Nixon walivunja ofisi ya daktari wake wa akili, wakitafuta siri za kumchafulia jina. Mazungumzo yake ya simu yalinaswa, na korti ilipodai rekodi, ati zimepotea. Tathmini za serikali yenyewe ambazo zingemsaidia hazikutolewa mapema kwa mawakili wake. Na kesi ikiendelea, msaidizi mkuu wa Rais akakutana na Jaji Matthew Byrne kumpima kama angetaka kuwa mkurugenzi wa FBI. Jaji! Katikati ya kesi!

Tarehe 11 Mei 1973, Byrne akaitupa kesi yote, isirudishwe tena. Hakusema Ellsberg hana hatia. Alisema serikali imeiharibu kesi hadi haiwezi kusikizwa kwa haki.

Kuna wenye watasema aliponyoka kwa ujanja wa mawakili. Sikubali. Mashtaka yana polisi, pesa na mafaili yote. Ukiwa na hayo yote na bado unavunja mlango usiku, shida si mshtakiwa.

Kinachonitisha zaidi ni hiki: uvunjaji ule ulijulikana kortini Aprili 1973 kwa sababu sakata ya Watergate ilikuwa inalipuka. Bila hiyo bahati, angehukumiwa na watu wasiojua lolote.

Na huku kwetu? David Munyakei, karani wa Benki Kuu, alitoa stakabadhi za Goldenberg. Akashikwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi ikaanguka, lakini kazi hakurudishiwa. Alifariki 2006, maskini.

Katiba yetu, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuona mapema ushahidi ambao mashtaka yatautumia. Ni haki nzuri, lakini karatasi inayoweza kukuokoa mara nyingi ni ile ambayo hawataki kuitumia.

Kwa hivyo mfichuzi mwingine akipandishwa kizimbani, usiulize tu kama alitoa zile karatasi. Uliza pia: faili la serikali limefunguliwa lote, ama kuna kurasa wamezikalia?