Kilo 20 za Bure

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Indonesia na vifaa vya kuzamia hapati shida kubwa njiani mpaka atue Jakarta. Ndege kubwa zinazotuvusha kupitia Ghuba zina mkono wazi kwenye mizigo. Kimbembe huanza unapoingia ndege za ndani, za kutoka Jakarta kwenda Makassar, kisha Makassar kwenda Manado au Sorong. Kwa miaka mingi kipimo cha huko kilikuwa kilekile karibu kila ulikokwenda: kilo 20 kwenye tumbo la ndege na 7 mkononi. Na kama unakokwenda ni mji mdogo, utapanda ATR 72 ya pangaboi, ambayo kisanduku cha juu ya kiti hakipokei begi la kamera lililotuna.

Sasa piga hesabu. Regyuleta na mipira yake, kilo 3. Jaketi la kuelea, 3 na ushei. Mapezi, 2. Suti ya mpira ya milimita 3, mbili nyingine, tena ikiwa kavu. Ongeza miwani, viatu, kompyuta ya kuzamia na kisu. Begi lenyewe, likiwa la magurudumu, hula kilo 4 kabla hujatia hata soksi. Kamera bado hujaigusa. Mitungi na mikanda ya risasi hatubebi. Mtungi mmoja wa kawaida wa alumini una kama kilo 14 hata ukiwa mtupu, na kila kituo cha kuzamia kinayo ya kukodisha.

Nilipoanza safari hizo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ndiyo iliyonipa unafuu. Nilikuwa na Nikonos V ya mkono wa pili, niliyouziwa na mteja mmoja Mjerumani aliyekuja kuzamia Pemba. Kamera hiyo haina kasha la kuzuia maji. Yenyewe ndiyo kasha. Chimbuko lake ni Calypso, kamera aliyoibuni Mbelgiji Jean de Wouters akifanya kazi na Jacques Cousteau, ambayo Nikon waliichukua na kuitoa kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Unaifungia flashi moja, unaitumbukiza majini, basi. Filamu ya picha 36 ikiisha imeisha, hakuna wa kukubadilishia mita 20 chini. Mwaka 2001 Nikon wakaacha kuitengeneza, na sisi tulioitegemea tukaanza kuulizana bei za makasha.

Dijitali ilikuja na uzito wake. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, kasha la alumini lililochongwa kwa mashine, kuba la kioo kwa ajili ya lenzi pana, kioo bapa kwa ajili ya lenzi ya vitu vidogo, mikono ya kushikia flashi mbili, chaja tatu nne, na kompyuta ya kuhamishia picha. Vyote pamoja kilo 12 au 15, na ni vitu ambavyo hakuna mwenye akili atakayevikabidhi kwa watu wanaorusha mizigo. Hapo ndipo nilipojifunza kusafiri nimevaa koti la mifuko mingi kwenye joto la Makassar. Lenzi kifuani, regyuleta kiunoni, jasho likinitiririka, na begi la mkononi linasoma kilo 7 kamili kwenye mizani.

Lakini miaka hiyo mizani ilikuwa na mtu nyuma yake. Nakumbuka kaunta moja, dada mmoja amevaa hijabu ya rangi ya sare yao, kaitazama namba, kanitazama mimi, kaulizia kasha ni kitu gani. Nikaiwasha kamera na kumwonyesha picha ya farasi-bahari mdogo wa mlango-bahari wa Lembeh, yule asiyefika sentimita 3, mwenye vinundu vilevile na rangi ileile ya matumbawe ya kipepeo anayoishi ndani yake, hata ukionyeshwa kwa kidole bado unamkosa. Dada akasogeza uso karibu na kioo. Akamwita mwenzake wa kaunta ya pili, naye akaja, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Walipomaliza, kilo 9 za ziada ziliandikwa 4. Nikalipa, nikapokea risiti, akaniambia “Hati-hati, Pak,” yaani niwe mwangalifu, na safari ikaendelea. Sisemi ulikuwa utaratibu mzuri. Abiria wa nyuma yangu, asiye na farasi-bahari wa kuonyesha, huenda alilipa kilo zake zote.

Manado nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda. Mimi mtu wa Tanga, na kwenye soko la samaki la Manado, mwaka 1997, mtafiti wa bahari Mark Erdmann na mkewe wakiwa fungate waliona samaki aitwaye silikanti akipitishwa kwenye mkokoteni. Mpaka hapo ulimwengu ulijua silikanti wa upande wetu wa Bahari ya Hindi tu, tangu yule wa kwanza aliyepatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Yule wa Manado alikuja kutambuliwa mwaka 1999 kuwa spishi nyingine. Kwetu Tanga wavuvi walipoanza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu, mwisho wake ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake mwaka 2009. Kila nikiwaeleza wenyeji wa Manado kwamba samaki wao ana ndugu yake kwetu, nilikuwa nakaribishwa chai.

Turudi kwenye kasha, kwa sababu ndege hulifanyia vituko ambavyo maji hayalifanyii. Kasha limetengenezwa likandamizwe kutoka nje. Kadiri unavyoshuka ndivyo oringi, ule mpira wa kuzibia maji, inavyobana. Angani mambo hugeuka. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege hushuka kama vile uko juu ya mlima wa mita 2,000 na kitu, na hewa iliyofungiwa kwenye kasha husukuma kutoka ndani mpaka nyingine ikapenya nje. Ndege ikitua, hewa ya nje inalibana kasha kwa nguvu zote. Tulikuwa Sorong, jamaa mmoja wa msafara wetu ameketi sakafuni hotelini, kasha kalikumbatia kwa magoti, anasokota kuba, kuba halisogei. Wakaitana wanaume watatu. Mwisho fundi wa boti, kijana wa Kipapua, aliuliza kama kuna skrubu yoyote ya kupitishia waya wa flashi. Ilikuwepo. Akailegeza, kukasikika mluzi mwembamba wa hewa ikiingia, na kuba likafunguka kwa vidole viwili. Tangu siku hiyo wote tukawa tunasafiri oringi kuu imetolewa, imepakwa grisi ya silikoni, imelala kwenye mfuko wake.

Halafu zikaja betri za lithiamu, na mzigo ukahama. Zamani flashi zilikula betri ndogo za kawaida, ukazitupia kwenye begi la chini na usahau. Lithiamu za akiba haziruhusiwi huko. Lazima ziwe na abiria juu, kwa sababu zikiwaka moto kwenye tumbo la ndege hakuna wa kuziona mapema, na mitambo ya kuzima moto ya huko chini haiwezi kuituliza betri iliyokwisha kushika. Hadi wati-saa 100 unabeba bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, na mwisho ni mbili. Zaidi ya hapo hazipandi. Taa za kuzamia ndizo zinazotia hofu zaidi, maana hupozwa na maji, na zikijiwasha kwenye begi zinaunguza nguo. Inabidi utenganishe taa na betri yake. Sawa kabisa, sibishi. Ila kilo 7 za mkononi zilibaki 7. Sheria moja inakuamuru upandishe vitu, nyingine inakuamuru uvishushe.

Januari 2019 baadhi ya mashirika ya bei nafuu ya Indonesia yalifuta hata zile kilo 20 za bure kwenye safari za ndani. Ikawa kilo unazinunua kwa simu kabla ya safari, na usiponunua mapema, kaunta inakutoza bei nyingine. Wengi walilalamika, na si sisi watalii peke yetu. Kuna mama wa Manado anayepelekea watoto wake Jakarta samaki waliokaushwa kwa moshi. Kwangu mimi hesabu haikuwa mbaya. Kamera yangu sasa ni ndogo isiyo na kioo cha ndani, kasha lake ni la plastiki ngumu, na jaketi na mapezi nakodi hukohuko. Vyangu nisivyokodi ni miwani, kompyuta na regyuleta. Naweza kupita na kilo 20 za kununua na zikabaki nafasi za kahawa ya Toraja. Kaunta ninasimama dakika mbili, namba inalingana na iliyo kwenye mfumo, hakuna anayeuliza ndani ya begi mna nini.

Mzee wangu wa kazi, aliyenifundisha kuzamia, bado anasafiri na kasha lake la alumini. Nilipomwambia auze, alinijibu: “Wewe mwanangu, mimi nimelizoea, vitufe vyake navijua gizani.” Analipa kilo zake kwa simu, tena mwanawe ndiye anayemlipia, na hata Mafia, kwenye vile vindege vya kilo 15 na begi laini, analipeleka limeviringishwa kwenye suti yake ya mpira.

Kitu kimoja hakijabadilika, nacho ni ngazi ya ATR. Umenunua kilo zako, umepita mizani, na bado kijana wa kupakia mizigo anakusimamisha hatua tano kabla ya mlango, anafunga lebo ya karatasi kwenye begi lako la kamera na kunyoosha mkono alichukue liende nyuma. Hapo huna ubishi. Unapiga magoti kwenye lami ya uwanja, unatoa betri moja moja na kuzitia mifukoni, kila moja na kifuniko chake zisigusane, abiria wanakupita pembeni. Safari ya mwisho kijana aliniinamia akahesabu pamoja nami, alipoona nimesahau ya taa akaigonga kwa ukucha: “Ini juga, Pak.” Hii pia.