Kwa Mpwa, Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mpwa aliyekabidhiwa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya Serikali anapewa na mjomba wake nasaha juu ya jambo lisiloandikwa katika azimio lake la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula, wala kuulizwa katika mtihani wowote, nalo ni malezi ya kiroho ya watoto aliopewa. Malezi hayo ni kumsaidia mtoto kukuza uwezo alionao tayari wa kustaajabu, kuuliza asili na mwisho wa mambo, kupambanua jema na ovu, na kujiona kuwa ameungana na wenzake na Muumba wake. Mafundisho ya dini, kwa upande wake, ni elimu ya imani fulani pamoja na ibada na maandiko yake. Mawili haya hukutana, lakini mwalimu anayeyachanganya huishia ama kuhubiri asipopaswa, ama kujitoa kabisa kwa kisingizio kwamba kazi hiyo ni ya sheikh na katekista.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inatamka kwamba nchi haina dini, na ibara yake ya 19 inaufanya uenezaji wa dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndiyo maana kipindi cha dini katika shule za Serikali huachiwa zaidi walimu wanaotoka misikitini na makanisani, huku watoto wakigawanyika kwa imani zao. Hata hivyo, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unautaja katika ibara ya 27 ukuaji wa kiroho sambamba na ule wa mwili na akili, na katika ibara ya 14 unawatambua wazazi kuwa na haki na wajibu wa kumwongoza mtoto katika imani. Kwa mwalimu wa darasa, maana yake ni kwamba ailee roho ya mtoto na asiiguse dini ya kwao.

Mpaka huo una historia. Kabla ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi Waislamu walisita kuwapeleka watoto huko kwa kuhofia kwamba wangebatizwa. Serikali ilipozitwaa kwa sheria hiyo, watoto wa imani zote wakaketi dawati moja. Mwalimu wa leo anayemwambia mtoto wa watu, hata kwa utani, kwamba dini ya kwao ina kasoro, anaifufua hofu ileile.

David Hay na Rebecca Nye, watafiti wa Uingereza waliozungumza na watoto wa shule za msingi na kuchapisha kitabu mwaka 1998, walieleza kwamba roho ya mtoto hujidhihirisha katika namna anavyotambua uhusiano wake na nafsi yake, na watu, na ulimwengu na Mungu, hata pale ambapo hakulelewa katika dini yoyote. Bibi yeyote wa ukoo huu angewaambia hayo bila utafiti, ila inafaa mwalimu ajue kwamba wasomi nao wameyafikia.

Fursa za malezi hayo hazingoji kipindi. Mtoto anayeona haragwe likichipua juu ya pamba yenye maji katika somo la Sayansi asiharakishwe kunakili ubaoni kabla hajamaliza kushangaa. Lakini mwalimu hupimwa zaidi na msiba: mtoto aliyefiwa anaporudi darasani na kuuliza bibi yake amekwenda wapi, asijibiwe kwa imani ya mwalimu, wala asinyamazishwe kwamba hayo ni ya watu wazima, bali aulizwe kwao wanasemaje, asikilizwe hadi mwisho, kisha wenzake wapewe nafasi ya kumpa pole mmoja mmoja. Zikipita dakika kumi za Hisabati kwa ajili hiyo, na zipite. Kuhusu kiboko, mjomba hana maneno mengi: mtoto anayechapwa asubuhi kwa kukosa hesabu hawezi kuielewa huruma anayosimuliwa mchana.

Mpwa anaombwa, kabla muhula haujafunguliwa, amwendee mwalimu mkuu, kisha ustadhi, katekista na mchungaji wanaofika shuleni hapo, wapatane saa za kipindi cha dini na wakubaliane kwamba hakuna atakayemwita mtoto wa imani nyingine bila ridhaa ya wazazi wake. Watoto ambao dini yao haina mwalimu, pamoja na wale ambao wazazi wao hawataki wahudhurie, wapewe kitabu cha kusoma na mtu mzima wa kukaa nao, wala wasiachiwe mafagio ya kufagia uwanja wakati wenzao wanasali.