Buli la Mkono wa Kushoto

Zikiwa zimebaki siku tisa nirudi nyumbani kutoka Nagoya, nilikuwa na yeni 11,000 mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya kula, ya treni ya kwenda uwanja wa ndege na ya zawadi. Nikatoa 8,800 nikanunua buli. Ndiyo, buli la chai, kama laki moja na nusu za kwetu. Mshkaji wangu wa chumbani aliponisikia akaniuliza kama nimerogwa. Sikuwa na jibu la haraka, kwa hiyo naliandika hapa.

Wengi mnajua kwamba nilikwenda Japani muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Msichokijua ni kwamba kwetu ni Rungwe, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye chai. Mama ana shamba dogo. Anachuma majani mawili na chipukizi, anapimiwa kituoni, gari la kiwanda linabeba. Jani likishaondoka kwenye kikapu chake, linarudi likiwa chembechembe nyeusi ndani ya pakiti, tunazitupa kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi, tunasubiri ichemke. Kwetu chai inapikwa. Mpaka nafika Japani nikiwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa mkulima wa chai, nilikuwa sijawahi kuona jani zima ndani ya kikombe. Buli la nini sasa?

Kule mmea ni uleule, ila wakishachuma tu wanaupiga mvuke kabla haujaanza kugeuka rangi. Jani linabaki kijani, linasokotwa, linakaushwa. Na halichemshwi. Chai yao ya kila siku, sencha, inataka maji yaliyopoa kidogo, digrii 70 mpaka 80 hivi, kwa dakika moja. Ukiimwagia maji yanayotokota inakuwa chungu mpaka unakunja uso. Wao wanamimina kwanza maji ya moto kwenye vikombe, yapoe, ndipo wanayahamishia kwenye buli. Halafu unamimina mpaka tone la mwisho, maana maji yakibaki na majani, duru ya pili inaharibika. Kiukweli nilipolielewa hilo ndipo nikaanza kuona kwamba buli ni chombo cha kazi, na likiwa baya linakuharibia chai nzuri.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye duka la mitumba. Nikaona buli jeusi la chuma, zito, lina vinundu vidogo mwili mzima, yaani kama la kwenye filamu. Yeni 1,500. Nikaona nimeokota dhahabu. Nikafika hosteli nikalibandika kwenye jiko la gesi. Ndani lilikuwa limepakwa rangi ngumu ya kung'aa, kama ile ya bakuli zetu za bati, na baada ya siku chache ikaanza kupasuka na kubanduka. Kumbe kuna vitu viwili vinavyofanana sura. Kuna birika la chuma tupu, hilo ni la kuchemshia maji. Na kuna buli la chuma lililopakwa rangi kwa ndani, hilo moto haulihusu kabisa. Mimi nilichukua la pili nikalitumia kama la kwanza. Hata lingepona, chuma kinashika joto muda mrefu, na kwa chai isiyotaka joto kali hiyo si sifa.

Mhadhiri mmoja alinicheka, akaniambia nipande treni niende Tokoname, haifiki hata saa moja kutoka Nagoya. Wageni wengi wanapita hapo bila kujua, kwa sababu uwanja wa ndege umejengwa baharini mbele ya mji huo huo. Ni mmoja wa miji sita ya kale ya ufinyanzi Japani. Kuna mteremko ambao kuta zake zimepangwa mabomba ya udongo upande mmoja na chupa kubwa za pombe upande mwingine, vyote vya zamani. Mwaka 1998 fundi wa hapo, Yamada Jozan wa Tatu, alipewa na serikali heshima wanayoiita Hazina Hai ya Taifa. Kwa kufinyanga mabuli! Nilisoma hilo mara mbili.

Niliingia duka dogo lililokuwa na mama mmoja wa makamo. Kijapani changu ni cha kuombea maji, tukasaidiana na programu ya kutafsiri kwenye simu. Mabuli yake, wanayaita kyusu, mengi yalikuwa mekundu kama tofali, rangi ya madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo wenyewe, bila ule utando wa kung'aa. Mpini hauko nyuma kama tulivyozoea. Umetokea ubavuni, mfupi, kama mpini wa kisu kinene. Unaushika, dole gumba linakaa juu ya kifuniko, unageuza kiganja kidogo tu, chai inatoka. Mkono mmoja unamaliza kazi yote.

Yule mama hakuanza na bei. Aliniwekea mikononi mabuli mawili matupu. La kwanza zuri kwa macho ila zito, na mpini wake unakuvuta chini hata kabla ya maji. La pili jepesi, limetulia kiganjani. Akanifunulia ndani. Lile la bei ndogo lilikuwa na matundu machache makubwa kwenye shina la mdomo. Hili lingine lilikuwa na chujio la udongo huohuo, limetuna kama nusu ya mpira, matundu madogo mengi. Akaniuliza nitatumia chai gani, maana kuna sencha inayopigwa mvuke muda mrefu, majani yake yanavunjikavunjika na kuziba matundu. Hiyo ni afadhali chujio la waya lenye nafasi ndogo sana. Halafu akatia maji, akaziba kwa kidole kitundu kilichoko kwenye kifuniko, akainamisha. Maji yakakoma. Akaachia, yakatoka. Mafundi wa hapo wanasaga kifuniko na buli pamoja mpaka vishikane, na hapo ndipo unalipia ufundi. Aliposimamisha buli, mdomo haukudondosha hata tone mezani. Mimi chupa ya chai ya nyumbani kwetu najua inavyolowesha kitambaa.

Bei 4,500. Nikakubali. Akauliza, wanywaji wangapi? Nikasema wawili, watatu. Akasema basi mililita 300 zinatosha, kubwa zaidi ni hasara. Akauliza tena, anayemimina ni nani? Nikasema mama yangu. Na nikajaribu kumwona mama akilishika.

Mama ana shoto.

Nikalihamishia mkono wa kushoto nijaribu. Haliendi. Ama mdomo unamimina kwa nje, ama unajipinda kifundo cha mkono kama unakama ng'ombe aliyelala. Buli zuri kiasi kile, na kwa mama lingekuwa pambo la kabatini.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sijakiandika popote. Mama alifungwa kamba mkono wa kushoto darasani ili aandike kwa kulia. Aliishia darasa la tano. Sisemi ni kwa sababu ya kamba, kulikuwa na mambo mengine nyumbani, lakini akianza kusimulia shule anaanza na kamba. Nimeikulia hadithi hiyo. Halafu mwaka wa pili, kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto wa kidato cha kwanza akaniletea daftari kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Nyumbani hawakukufundisha adabu?" Darasa likacheka. Akahamishia daftari kulia. Kuanzia siku hiyo hakuja tena mbele, alikuwa anampa jirani yake alete. Niliona, nikanyamaza mpaka wiki zikaisha. Saikolojia ya elimu nilipata B+.

Nikamwonyesha yule mama mkono wangu wa kushoto, nikasema "okaasan", mama. Akaelewa bila simu. Kwanza akanishauri kitu cha busara: buli lenye mpini kwa nyuma, linashikwa kwa mkono wowote, na bei yake ni ndogo. Na wewe msomaji ukiwa na shoto na bumu halijatoka, chukua hilo. Mimi nikamuuliza kama lipo la ubavuni. Akapotea nyuma ya duka kwa dakika kadhaa, akarudi na boksi lenye vumbi. Mpini upande wa pili. Akaandika kwenye simu kwamba yanatengenezwa machache, ndiyo maana bei imepanda, na kwamba zamani hata kwao watoto wa mkono wa kushoto walikuwa wanalazimishwa kuhama. Kaka yake alihamishwa.

Nikalipa. Siku tisa nikala wali na mayai. Sijutii, ila nisiwadanganye, siku ya saba nilijuta kidogo.

Tukuyu nilifika jioni. Shikamoo, marahaba, chakula, ndipo nikafungua boksi. Nikatoa kile kibomba cha plastiki kinachovalishwa mdomo wa buli ili usivunjike njiani (usikiache, kinaota ukungu). Nikamwambia lisioshwe kwa sabuni, udongo unanyonya harufu. Maji ya moto tu, kisha likauke wazi. Mama akalichukua kwa kushoto bila kufikiri, dole gumba likaenda lenyewe kwenye kifuniko. Akamimina. Akasimama katikati ya kikombe, akaligeuza kulitazama mpini.

"Hili limefanywa hivi makusudi?"

"Makusudi, mama."

Hakusema kitu. Chai yenyewe haikumpendeza, alisema ni mchuzi wa mboga, sukari iko wapi. Lakini alifungua kifuniko, akatoa jani moja lililofunguka, akalinyoosha juu ya ukucha. "Wanachuma changa," akasema, kama mtu anayemsifia mwenzake wa kazi.

Baba mdogo alikuwepo. Akataka naye ajaribu. Akalishika kwa mkono wa kulia, mdomo ukageukia kusikotakiwa, akapinda kiganja, kiwiko kikambana ubavuni, chai ikamwagika juu ya meza na kidogo kwenye suruali. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga.

"Taratibu, shemeji," akamwambia. "Utazoea."