Safari ya Bigo bya Mugenyi

Wengi wetu tumeona picha za ngome za Ulaya, zenye minara mirefu na madirisha membamba. Kwa hiyo Bwana Mwalimu alipotangaza kwamba tutakwenda kutazama ngome ya miaka mia tano na zaidi, sisi wa Jinja na wenzetu wa Mbale tulishangilia sana. Tuliondoka Jinja alfajiri, tukapita Kampala, Masaka na Sembabule, hata tukafika ukingo wa kusini wa mto Katonga. Njia ilituchosha, nisiieleze zaidi.

Tulipoambiwa, "Ndiyo hii," tuliona majani na ng'ombe tu. Mwenzangu mmoja, Mgisu, akauliza, "Ngome gani hii isiyo na ukuta?" Kwao, alisema, wazee walikuwa na mlima Masaba, hawakuwa na haja ya kuchimba.

Ndipo tuliposhuka handakini. Mahali pengine limekatwa katika mwamba wenyewe, kwenda chini kiasi cha meta 4. Tulimsimamisha yule Mgisu, aliye mrefu kutupita sote, akanyosha mkono juu, na bado hakuufikia ukingo. Akanyamaza. Mahandaki yote pamoja yanazidi maili 6. Wenyeji husema ni kazi ya Wachwezi, na Mugenyi, yaani Mgeni, alikuwa mmoja wao. Wataalamu walichimbua hapo, Bwana Shinnie mwaka 1957 na Bwana Posnansky mwaka 1960, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka ya 1350 na 1500. Mimi nilijiuliza jambo jingine: nani aliyewalisha wachimbaji wote hao? Bila shaka palikuwa na mtawala wa kutiiwa, na chakula tele. Wengine hudhani handaki la nje lilikuwa la kulinda ng'ombe.

Na sasa ng'ombe ndio wanaolibomoa. Kundi zima lilishuka mbele yetu kwenda mtoni, udongo ukiporomoka chini ya kwato. Tulimwamkia mzee mchungaji, tukamwuliza, Bwana Mwalimu akitufasiria, kwa nini asiwapitishe pengine. Alijibu kwa upole kwamba babu yake alipita papo hapo, na ng'ombe hawana budi kunywa.

Yule Mgisu akasema kiwekwe kivuko kimoja tu, kipangwe mawe, kingo zingine zipone.

Mzee akacheka. "Basi, wanangu," akasema, "leteni mawe."