Kosa Lilikuwa Langu



Wapendwa, Jumamosi jioni, nikiandaa mahubiri, programu yangu ya kuandikia, Vim, niliyoisasisha asubuhi, ilianza kuonyesha alama ngeni: >4;2m. Nikawalaumu watengenezaji wake. Kisha nikaona haya: Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliigawa bure, akiwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Kibaale, Uganda.

Nikaifungua kwa amri ya vim --clean, bila mipangilio yangu, alama zikabaki. Ndipo nikaichunguza terminali. Miaka mingi iliyopita niliandika kwamba ni xterm, nayo si xterm. Vim, ikiliamini neno langu, iliituma amri mpya ya kutambua vitufe. Terminali haikuielewa, ikaichapa kama maandishi. Nilipoufuta mstari ule, alama zilitoweka.

Sasisho halikuleta kosa. Lilifichua uongo wangu wa zamani. Ndivyo yalivyo majaribu mapya katika ndoa na jumuiya zetu. Basi, kabla ya kumshitaki mwenzako, ichunguze kwanza dhamiri yako.

Mungu awabariki.