Nilinunua kamera ya kunisifia, ikaniumbua

Jamani, hakuna kitu kibaya kama kuumbuliwa na kitu ulichokinunua kwa hela yako mwenyewe. Mimi yamenikuta, na wiki hii nimeona niyaseme hadharani, maana najua humu mjini kuna washikaji kibao wenye ugonjwa kama wangu. Ukikaa nyuma ya usukani unajiona ulizaliwa na gia mkononi.

Nina Subaru ya zamani. Rangi imefifia, kiti cha nyuma kimechanika, lakini injini yake ikiunguruma hata mwenye gari jipya anageuka. Mjomba wangu naye ana shamba la mikorosho nje kidogo ya mji wa Kibiti. Kule Ulaya kijana akitaka kukimbiza gari analipa, anaingia uwanjani na gari lake, anazunguka mpaka roho inatulia, halafu anarudi nyumbani kwa amani. Uwanja wangu mimi ni njia ya mchanga inayozunguka shamba la mjomba, kilomita 1.4 ukipima kwa gari.

Mjomba aliruhusu kwa masharti. Msimu wa kuokota korosho hakuna kukanyaga pale. Geti lifungwe, asiwepo mtu shambani, helmeti na mkanda ni lazima. “Na ukigonga mkorosho wangu, utaulipa kwa bei ya korosho za miaka 20,” akasema. Sikucheka, maana mzee yule hatanii kwenye hela.

Mpinzani wangu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba huyo huyo. Kila tukimaliza kuzunguka, ugomvi. Mdogo wake wa kike ndiye aliyekuwa akishika saa chini ya mwembe, na mara nyingi alikuwa akichati na mchumba wake, anakuja kubonyeza saa sisi tumeshapita. Wikiendi 3 tukabishana mpaka sauti zikakauka. Nikasema basi, nanunua mashine. Mashine haina mchumba.

SIMU NA HESABU ZA MITA

Nilianza na kitu cha bure: simu. Ziko programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, kama RaceChrono. Inasoma mahali ulipo kwa setilaiti, inapima muda wa kila mzunguko na kuchora mwendo wako kona kwa kona. Nikaona mambo si ndiyo haya!

Tatizo likaja kwenye hesabu. Simu nyingi zinasoma setilaiti mara 1 tu kwa sekunde. Ukiwa na mwendo wa 60 kwa saa, katika sekunde hiyo gari limekwenda karibu mita 17. Kwenye barabara kuu si neno, lakini kwenye kona ya shambani mita 17 ndiyo kona yenyewe. Mchoro ulinionyesha nimekata katikati ya mikorosho kama jini. Halafu jua la saa 8 mchana likaipiga simu pale kwenye dashibodi, ikachemka, ikajizima.

KAMERA ZA KIOO CHA MBELE

Nikahamia kwenye kamera ndogo za kubandika kwenye kioo. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, muuzaji ananiita bosi. Kijana mwenzangu, ukiitwa bosi dukani, shika mfuko.

Kamera hizi si mbaya kwa kazi yake. Kazi yake ni kukutetea ukigongwa. Nyingine zina setilaiti na zinaandika mwendo chini ya picha. Kama unataka ya kukaa juani siku nzima, tafuta yenye kapasita badala ya betri, maana betri huvimba kwa joto. Ujue pia kwamba kadi ikijaa inafuta picha za zamani na kurekodi juu yake. Ila kwa kujifunza kona haikunisaidia. Picha ilitetemeka kwenye mchanga, na huwezi kuweka mizunguko 2 sambamba ukaona nani alikanyaga mafuta mapema.

Na hapo nikapigwa bao. Duka moja mjini liliniuzia kadi iliyoandikwa giga 128, kumbe ndani ni maji matupu. Siku nzima ya kuzunguka ikapotea, zikabaki dakika chache za mwisho, mimi nikiegesha gari. Siku hizi nikinunua kadi, naijaza yote kwanza na kuifungua faili hadi faili kabla sijaiamini.

VYA WAKUBWA

Vipo vifaa vyenyewe hasa. Kuna VBOX ya kampuni ya Racelogic ya Uingereza, kuna AiM ya Waitalia, na mwaka 2020 Garmin walitoa Catalyst, kidude kinachokusemesha sikioni kama mwalimu wakati unaendesha. Hivi vinasoma setilaiti mara 10 kwa sekunde au zaidi, na vingine vinachomekwa kwenye kompyuta ya gari vikajua mpaka umekanyaga mafuta kiasi gani. Picha na takwimu vinakwenda pamoja. Lakini bei! Ukiuza Subaru yangu ili ununue kifaa, utakifunga kwenye baiskeli.

Nikaangukia GoPro ya mtumba. Hapa nako nusura niumie. Nilitaka Hero12 kwa sababu namba yake ni kubwa, nikijua kubwa ndiyo bora. Kumbe GPS iliingia kwenye Hero5 mwaka 2016, wakaiondoa kwenye Hero12 mwaka 2023, wakairudisha kwenye Hero13 mwaka 2024. Ningebeba namba kubwa nikakosa kile ninachokitafuta. Nikachukua ya zamani kidogo, nikaongeza kipokezi cha setilaiti kinachosoma mara 10 kwa sekunde na kuongea na simu kwa Bluetooth. Simu naificha mbali na jua. Kwa mwendo ule ule wa 60, sasa napata alama chini ya kila mita 2, na programu inaunganisha alama hizo na picha. Kama unatafuta ushauri wangu wa kununua ndio huo: angalia mara ngapi kwa sekunde kinasoma, angalia kama takwimu na picha vinakaa pamoja, mambo ya 4K baadaye.

KAA WA NYAMISATI

Kabla ya kuingia nayo shambani tuliijaribu njiani. Tukakata kona pale Bungu, tukashuka kwenye njia ya kwenda Nyamisati, bandari ya boti za Mafia kwenye delta ya Rufiji. Mjomba alikuja nasi, maana alisikia habari ya kaa. Kule mikoko imejaa mpaka macho yanachoka, na hewa ina chumvi na unyevu. Kamera ikatoka kwenye gari lenye kiyoyozi, kioo chake kikapata ukungu papo hapo. Somo jingine hilo: iache izoee hewa kabla ya kubonyeza.

Tukiwa tunavunja kaa, mjomba akaanza habari za manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta hii mwaka 1914. Waingereza walikuwa nje baharini, wao na manowari katikati msitu wa mikoko. Mwaka uliofuata wakaleta meli 2 ndogo za mizinga, Severn na Mersey, na juu wakarusha ndege. Wapiga mizinga hawakuona kitu. Rubani na mwenzake ndio waliokuwa wakiona makombora yanaangukia wapi na kuwapa habari kwa redio. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha.

“Mpwa wangu,” mjomba akasema huku akifuta vidole, “anayepiga haoni kombora lake linaangukia wapi. Lazima awepo mwingine wa kumwambia.” Mimi nikaitikia ndiyo mjomba, akili yangu iko kwenye gego la kaa.

KISHINDO SI MWENDO

Jumapili tukaingia uwanjani. Mimi nikatimua vumbi mpaka ndege wakahama. Binamu akazunguka taratibu kama anapeleka bibi kliniki. Nikajua leo nimemaliza ubishi.

Tukafungua takwimu. Mimi dakika 1 na sekunde 49, binamu dakika 1 na sekunde 46. Nikasema mashine mbovu. Tukaweka mizunguko yote 2 sambamba. Kwenye kona ya mwembe mimi naingia na 58, nafunga breki kwa hofu mpaka 22, gari linayumba, naanza kutafuta gia. Binamu anaingia na 51, hashuki chini ya 30, na mwembe haujaisha yuko kwenye mafuta. Madereva wa rali wanapokagua njia kabla ya mashindano nao hurekodi video, usiku msoma noti anaiangalia tena na kusahihisha noti zake. Sasa nikaelewa kwa nini. Kichwani mwangu kona ile ilikuwa nzuri sana.

Nilikasirika kidogo, nikacheka, tukafunga mizigo. Saa 11 jioni tukaondoka Kibiti kurudi Dar, mimi nikiwa nimeshika usukani na binamu pembeni. Kamera na kipokezi nilisahau kuvizima.

DAKIKA AMBAYO SIIKUMBUKI

Jumatatu usiku nikakaa nikate vipande vya kurusha kwa washikaji. Video ikaendelea mpaka njiani. Nikaona Bungu inakuja. Nikaona kibao cha 50 kinapita upande wa kushoto. Kwenye kioo cha programu mwendo umeandikwa 93.

Mbele kushoto yupo mtoto juu ya baiskeli ya mtu mzima, hafiki kwenye kiti, miguu anaipitisha katikati ya fremu. Nyuma kafunga dumu la maji. Baiskeli inayumba, inaingia lami, inatoka, inaingia tena.

Sauti imerekodiwa yote. Mimi naongea, natetea ile kona ya mwembe. Binamu anasema, “Oya, mtoto!” Mimi najibu haraka, “Nimemwona,” naendelea na stori yangu. Tunampita. Kati ya kioo cha pembeni na mkono wake ni nafasi ya kupitisha sufuria.

Nikarudisha nyuma nikaangalia mstari wa mwendo. 93, 93, 94. Mguu haukutoka kwenye mafuta hata kidogo. Kwa mwendo ule gari linakula karibu mita 26 kila sekunde. Sikuwa nimemwona. Nilisema nimemwona ili binamu asinikatishe stori. Nimeiangalia mara nyingi nikijaribu kukumbuka sura ya yule mtoto, siikumbuki, kwa sababu sikuwahi kuwa nayo.

Sasa nikuambie aibu yangu yote. Kwenye video hiyo hiyo, kilomita chache mbele, mwenye gari la mbele yetu anawasha taa kuashiria kuna tochi. Mstari wa mwendo unashuka mpaka 48, mara moja, laini kabisa, mguu wa dereva hodari. Kwa trafiki breki ninazo.

MJOMBA NA MASHARTI MAPYA

Ningeweza kufuta. Kidole kilikuwa kimeshafika pale. Lakini binamu alikuwemo, na anajua.

Jumamosi nikampelekea mjomba. “Shikamoo mjomba.” “Marahaba.” Nikampa simu. Mjomba huyu aliendesha malori njia ya kusini enzi za pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Akaangalia kimya. Akasema rudisha. Akaangalia tena.

“Chombo kimemwona. Mwanangu aliyekaa pembeni kamwona. Wewe peke yako ndiye hukumwona, na wewe ndiye mwenye usukani.”

Sikuwa na la kusema.

“Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa, LATRA wanaona kila yakizidisha mwendo,” akaendelea. “Wewe nani anakuona? Basi nitakuona mimi.”

Adhabu yake ndiyo hii: uwanja umefungwa. Nitaruhusiwa kurudi shambani siku nitakapomletea safari 10 za Dar na Kibiti, zimerekodiwa mwanzo mpaka mwisho, na kila penye kibao cha 50 mstari usivuke 50. Binamu yeye anaendelea kuzunguka na wikiendi iliyopita kanitumia muda wake mpya. Roho iliniuma, nisidanganye.

Mpaka leo nimepeleka safari 7. Ya nne ilikataliwa, nilifika 54 pale Kimanzichana, mzee akavaa miwani akaona. Kila nikipita Bungu napunguza mpaka 45, naangalia kushoto. Watoto wenye baiskeli na madumu ni wengi. Wananipungia, nami napunga, nikijiuliza ni yupi.

Kama na wewe unataka kununua kifaa cha kurekodi unavyoendesha, nunua. Ila usikifunge siku ya mashindano tu. Kiache kiwake siku ambayo huna habari nacho, halafu usiku ujifungie chumbani ujiangalie, peke yako, kabla hujawaita washikaji.

Mimi nimebakiza safari 4. Niombeeni Kimanzichana.