Kundi la manesi na ile sindano

Leo tuongee kidogo juu ya simu za manesi.

Wengi wetu tukimwona nesi ameinamia simu tunanuna: foleni imefika mlangoni, yeye anachati! Na mara nyingine ni kweli anachati. Lakini mdogo wangu ni nesi, na amenionyesha kundi lao la WhatsApp. Katikati ya salamu za asubuhi, michango ya harusi na vichekesho, kuna mambo kama haya: "Jamani, sefti boksi ya wodi yetu imejaa, msisindilie." "Usirudishie sindano kifuniko." "Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema, zisipite saa 72. Ni za siku 28."

Mwaka jana alijichoma, saa nane za usiku, wodi imejaa na wako wawili tu. Semina ya mambo hayo hajawahi kuitwa. Ila ule ujumbe alikuwa ameusoma. Ndani ya saa mbili akawa amemeza kidonge cha kwanza, na leo yuko salama.

Tupige hesabu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika 100. Na chanjo yake ipo! Mtu alipouliza kwenye kundi nani kachanjwa, wengi walikaa kimya.

Sasa sikilizeni kituko. Bosi wao aliingizwa kwenye kundi. Wiki hiyo hiyo nesi mmoja akaandika glavu zimekwisha. Kesho yake kaitwa ofisini, kaambiwa anaichafua hospitali. Tangu hapo kundi likabaki la salamu na michango. Mengine yote yalihamia kundi la pili, lisilo na bosi.

Si kwetu tu. Desemba 30, 2019, Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan, China, aliwatahadharisha madaktari wenzake aliosoma nao, kwenye kundi lao la WeChat, kuhusu ugonjwa uliofanana na SARS. Januari 3, 2020 polisi wakamsainisha barua ya onyo. Februari 7 akafa kwa ugonjwa ule ule. Na Marburg ilipoingia Rwanda mwaka 2024, kati ya wagonjwa 66, wengi walikuwa wahudumu wa afya.

Sisemi kila kitu kirushwe mtandaoni. Picha au jina la mgonjwa, hapana, hata kwa nia njema. Na kundi halinunui glavu. Ujumbe utamfundisha nesi asirudishie kifuniko, ila hautamletea sefti boksi mpya. Hiyo ni kazi ya bosi, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tunayo tangu 2003. Bosi anayetaka kujua wodi zake zikoje, asome kundi, anunue glavu, asimwite mtu ofisini.

Nawe msomaji, kazini kwenu hatari inasemwa mbele ya bosi, au nanyi mna kundi la pili?

Tafakari.